Mchoro wa AutoCAD umegoma kufunguka: usisevu kitu kwanza

Faili la DWG, yaani faili la mchoro wa AutoCAD, likigoma kufunguka, mara nyingi kinachoimaliza kazi si hitilafu ya mwanzo. Ni papara inayofuata: kusevu juu ya faili lile lile, kulifungua BAK (nakala ya toleo lililotangulia) palepale lilipo, kuendesha programu ya kusafisha kompyuta, au kuiruhusu Windows iirekebishe flashi. Kila kitendo kati ya hivyo huandika juu ya kitu ambacho kingekurudishia mchoro wako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kujizuia, na amri za AutoCAD huja baadaye.

Nazungumzia AutoCAD na mafaili ya DWG, kwa sababu humo ndimo ramani nyingi za nyumba, viwanja na barabara zinamochorwa kwetu.

Tengeneza folda mpya kwenye diski nyingine, tuseme D:\Okoa. Nakili humo vitu vinne: lile DWG linalogoma, BAK lenye jina lilelile, mafaili yote yanayoishia na .sv$ (nakala ambazo AutoCAD hujisevia yenyewe) yaliyo kwenye folda ya Temp. Na kama folda ya mchoro ina mafaili yanayoanza na "sav" na kuishia na .tmp, yachukue nayo. Hayo ya mwisho huachwa na AutoCAD inapokatishwa katikati ya kusevu, hasa mchoro ukiwa kwenye seva ya ofisi na mtandao ukakatika. Moja wapo linaweza kuwa mchoro wako mzima, likisubiri tu kubadilishiwa jina liwe .dwg. Kuanzia hapo gusa nakala tu. Mafaili asili yaache yalivyo mpaka kazi imalizike.

Kama AutoCAD bado iko wazi na imetoa ujumbe wa "FATAL ERROR", itakuuliza kama usevu mabadiliko. Kubali. Katika hali hiyo huandika faili la pembeni lenye neno _recover kwenye jina, haligusi lile la kwanza. Na kama mchoro unaonekana kwenye skrini lakini unakataa kusevu, usiifunge programu. Jaribu SAVEAS kwa jina jingine kwenye diski nyingine. Ikishindikana, fungua mchoro mpya mtupu, rudi kwenye ule wa zamani, chagua vyote kwa Ctrl+A, nakili kwa Ctrl+C, kisha kwenye mchoro mpya andika PASTEORIG ili kila kitu kikae kwenye viwianishi vyake vilevile. Kwa ramani za upimaji hilo la viwianishi ni la lazima. Ukibandika kwa Ctrl+V ya kawaida umeshapoteza mahali pa kiwanja.

Je, kweli limeharibika?

Kabla ya tiba yoyote, ifungue nakala kwa Notepad. Utaona takataka za herufi, na hiyo ni kawaida. Unachotafuta ni herufi sita za mwanzo kabisa. DWG lililo salama huanza na AC na namba nne: AC1015 ni la AutoCAD 2000 hadi 2002, AC1018 la 2004 hadi 2006, AC1021 la 2007 hadi 2009, AC1024 la 2010 hadi 2012, AC1027 la 2013 hadi 2017, na AC1032 ni la 2018 na kuendelea. Ukiwa na AutoCAD 2014 ukaletewa faili la AC1032, programu inaweza kukuambia "Drawing file is not valid" ingawa mchoro ni mzima kabisa. Hapo hakuna cha kuokoa. Mwombe aliyekutumia asevu kwa muundo wa 2013 au wa chini zaidi, au ubadilishe mwenyewe kwa DWG TrueView au ODA File Converter, zote mbili ni za bure.

Ukikuta PK mwanzoni, hilo ni faili la zipu lililobadilishwa jina, libadilishe liwe .zip ulifungue. Ukikuta %PDF, ni PDF. Ukikuta <!DOCTYPE au <html, ulichopakua ni ukurasa wa intaneti na si mchoro. Kiungo kilikuwa kimekwisha muda au kilihitaji uingie kwanza kwenye akaunti. Mambo haya matatu hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na yote hulaumiwa kwa jina la "faili limekorapti".

Hali mbaya ni pale Notepad inapoonyesha utupu tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa Windows inasema faili lina megabaiti kadhaa. Lifungue kwa Notepad++ utaona NUL, NUL, NUL. Hayo ni masifuri. Sababu yake ni hii: mfumo wa NTFS, unaopanga mafaili kwenye diski za Windows, unatunza kumbukumbu ya jina na ukubwa wa faili kwa uangalifu kuliko data yenyewe. Umeme ukikatika baada ya ukubwa kuandikwa na kabla data haijafika kwenye diski, unabaki na ganda lenye ukubwa sahihi na ndani hakuna kitu. Hakuna amri ya RECOVER wala fundi atakayetoa mchoro kwenye masifuri. Anayekuambia lete hela nitalitibu, usimpe. Nenda moja kwa moja kwenye BAK na .sv$.

Linganisha pia ukubwa. Kama BAK lina MB 6 na DWG lina KB 900, faili limekatwa njiani, ama wakati wa kunakili kwenda kwenye flashi iliyochomolewa mapema, ama wakati wa kupakua. Rudi kwenye chanzo kwanza. Kunakili upya ni rahisi kuliko tiba yoyote.

Jambo jingine linalofanana na uharibifu: umeme umekatika, umewasha tena, AutoCAD inasema mchoro unatumiwa na mtu mwingine na inaufungua kwa kusoma tu. Pembeni ya DWG kuna mafaili ya .dwl na .dwl2, ambayo ni kufuli. AutoCAD huyafuta ikifungwa vizuri, ikikatishwa hubaki. Fungua .dwl kwa Notepad uone jina la mtumiaji na kompyuta aliyoifungia. Kama ni wewe mwenyewe, au mwenzako amethibitisha kuwa hana mchoro huo wazi, yafute yote mawili.

BAK na .sv$

Mpangilio wa AutoCAD uitwao ISAVEBAK ukiwa 1, ambayo ndiyo hali ya kawaida, kila unaposevu AutoCAD hulichukua toleo lililokuwa kwenye diski na kulifanya BAK, kisha toleo jipya linachukua jina la DWG. Maana yake BAK liko nyuma hatua moja tu. Sasa fikiria mtu amefungua DWG bovu, akalitibu nusunusu kwa RECOVER, kisha akasevu kwa jina lilelile kwenye folda ileile. Lile bovu limegeuka kuwa BAK, na BAK zuri limekwenda. Hili ndilo kosa linalopoteza michoro kuliko yote, na ndiyo sababu ya kusisitiza D:\Okoa hapo juu.

Kubadilisha BAK kuwa DWG kuna mtego mdogo. Windows huweza kuficha mkia wa jina la faili, yaani zile herufi baada ya nukta. Ukiandika "ramani.dwg" juu ya faili linaloonekana kama "ramani", umepata ramani.dwg.bak na AutoCAD haitaliona. Kwenye File Explorer nenda View (kwenye Windows 11, View kisha Show), weka alama kwenye File name extensions, halafu badilisha .bak kuwa .dwg. Lipe jina tofauti, kwa mfano ramani-BAK.dwg, lisije likakaa juu ya lile jingine.

Faili la .sv$ ni la kujisevu lenyewe. Mahali pake utapajua kwa kuandika SAVEFILEPATH kwenye mstari wa amri. Kwa kawaida ni C:\Users\jina lako\AppData\Local\Temp, na njia ya mkato ni kubonyeza Windows+R kisha kuandika %TEMP%. Panga kwa tarehe. Majina yake huwa kama ramani_1_1_4821.sv$, jina la mchoro likiwa mwanzoni, kwa hiyo hata folda ikiwa na mamia ya mafaili utalitambua. Mchoro ambao haukuwahi kusevuwa hata mara moja utaukuta kwa jina la Drawing1. Badilisha mkia uwe .dwg, fungua.

Kuna mambo mawili watu huyapuuza kuhusu .sv$. La kwanza, hufutwa AutoCAD inapofungwa kwa utaratibu. Aliyebofya No kwenye swali la kusevu hatalikuta pale. Hubaki tu programu ikianguka au umeme ukikatika. La pili, Temp ndiyo folda ya kwanza kufagiliwa na CCleaner, Disk Cleanup na Storage Sense ya Windows. Kwa hiyo ihamishe kabla ya siku ya shida: andika OPTIONS, nenda kwenye Files, Automatic Save File Location, ielekeze kwenye folda kama D:\CAD-sevu. Kisha kwenye mstari wa amri weka SAVETIME, yaani dakika kati ya kujisevu, iwe 5 badala ya 10, na ISAVEPERCENT iwe 0. Hiyo ya mwisho kwa kawaida ni 50, na maana yake AutoCAD husevu kwa haraka kwa kuongeza mabadiliko mwishoni mwa faili badala ya kuliandika upya lote. Ikiwa 0 kila kusevu ni kuandika upya: inachukua muda kidogo zaidi, lakini faili linabaki safi na dogo.

Badala ya kutafuta kwa mkono unaweza kuandika DRAWINGRECOVERY. Dirisha linalofunguka linakusanya pamoja DWG la mwanzo, lile la _recover, .sv$ na BAK la kila mchoro uliokuwa wazi programu ilipoanguka. Bofya moja moja ulinganishe saa na yaliyomo. Usiende kwa saa peke yake, wakati mwingine .sv$ ni jipya zaidi lakini limeandikwa mchoro ukiwa umeshaharibika, na BAK la dakika ishirini nyuma ndilo zima.

Kwa wanaotumia programu nyingine mantiki ni ileile. ArchiCAD huacha .bpn kando ya .pln, SketchUp nayo huacha nakala ya akiba, na Revit huweka matoleo yenye namba kama jina.0001.rvt pamoja na kisanduku cha Audit kwenye dirisha la kufungua mradi.

RECOVER, na kinachofuata ikishindwa

Usilifungue faili bovu kwa kulibofya mara mbili. Fungua AutoCAD ikiwa tupu, andika RECOVER, chagua nakala. Amri hii husoma faili hatua kwa hatua, hukagua kila kitu, na hutupa kisichosomeka badala ya kuanguka nacho. AUDIT ni ndugu yake, ila inafanya kazi kwenye mchoro ambao tayari umefunguka. Mchoro ukifunguka, andika AUDIT, jibu Y, kisha rudia mpaka idadi ya makosa iwe 0, kwa kuwa kurekebisha kosa moja hufichua jingine lililokuwa nyuma yake. Ukiweka AUDITCTL iwe 1, ripoti huandikwa kwenye faili la .adt lenye jina la mchoro. Isome, inataja kitu gani kilifutwa.

Kama mchoro una michoro mingine iliyounganishwa kama rejea, tatizo linaweza kuwa ndani ya mmoja wa hiyo. RECOVERALL huitibu yote kwa pamoja, lakini huisevu yote pia, hata ile iliyokuwa mizima. Nakili folda nzima ya mradi kwanza.

Baada ya kufunguka, fanya usafi kabla ya kuendelea na kazi. Andika -PURGE, chagua R kwa ajili ya Regapps, weka nyota kwa majina yote, na ukatae kuthibitisha moja moja. Hizo ni alama za programu mbalimbali zilizopita kwenye mchoro huo; michoro inayozunguka ofisi nyingi hubeba maelfu yake. Kisha PURGE ya kawaida, kisha -SCALELISTEDIT, R, Y, E ili kurudisha orodha ya vipimo vya uwiano katika hali ya mwanzo. Mchoro wenye mistari michache lakini una MB 40 au zaidi, shuku mitindo ya mistari iliyotoka kwenye faili la DGN (la programu ya MicroStation). Matoleo mapya ya AutoCAD yanaiondoa kupitia PURGE. Kwa matoleo ya zamani Autodesk ilitoa kifaa cha DGN Purge. Sevu kwa jina jipya.

RECOVER ikianguka nayo, kwanza fungua mchoro mwingine wowote. Kama yote inaanguka, mgonjwa ni programu au kadi ya picha. Washa AutoCAD kwa acad.exe /nohardware ili izime msaada wa kadi ya picha. Ikitulia, sasisha dreva ya kadi.

Kama ni mchoro huo mmoja tu, mlango wa pili ni INSERT. Anza mchoro mpya mtupu, hakikisha INSUNITS, yaani kipimo cha mchoro kama milimita au mita, ni sawa na ya mchoro bovu, andika -INSERT, kwenye jina weka nyota mbele yake ili vitu viingie vikiwa vimefumuliwa, sehemu ya kuweka 0,0, ukubwa 1, mzunguko 0. Vipimo vya INSUNITS vikipishana, ramani ya milimita itaingia ikiwa kubwa au ndogo mara 1000 au mara 25.4. Pima mlango unaoujua upana wake, kwa mfano wa milimita 900, kabla hujaamini chochote. Jingine: INSERT huleta yaliyomo kwenye model (eneo la kuchorea) tu; kurasa za kuchapia hazifuati. Ziombe kwa amri ya LAYOUT, chaguo la Template, lakini zitoe kwenye BAK la zamani badala ya faili bovu. Kurasa hubadilika mara chache, kwa hiyo hata BAK la wiki iliyopita linatosha.

INSERT ikikataa, jaribu kuubandika mchoro bovu kama rejea kwa XREF, kisha BIND. Ikikataa hiyo pia, kwenye dirisha la Open bofya kishale kando ya kitufe cha kufungulia uchague Partial Open, upakie leya (matabaka ya mchoro) chache chache. Ukipakia kuta ukafaulu, ukapakia milango ukafaulu, ukapakia leya ya hatch, yaani mistari ya kujazia eneo, programu ikaanguka, umeshampata mkosaji. Okoa leya nyingine zote, hiyo moja uichore upya.

Kuna njia ambayo wachoraji wengi hawaijui ingawa imo ndani ya AutoCAD yao wenyewe: accoreconsole.exe, kwenye folda ileile ya programu. Ni AutoCAD isiyo na madirisha wala picha. Michoro inayoanguka kwa sababu ya kushindwa kuonyeshwa hufunguka humu bila shida. Andika faili la maandishi tiba.scr lenye mistari hii:

_.AUDIT
_Y
_.SAVEAS
2013
D:\Okoa\ramani-tiba.dwg

Acha mstari mmoja mtupu mwishoni, kisha kwenye dirisha la amri la Windows, ukiwa ndani ya folda ya AutoCAD:

accoreconsole.exe /i D:\Okoa\ramani.dwg /s D:\Okoa\tiba.scr

Majina ya folda na faili yasiwe na nafasi, kwa kuwa ndani ya hati ya amri nafasi huhesabiwa kama umebonyeza Enter.

Ikishindikana, toka nje ya Autodesk kabisa. BricsCAD ina RECOVER yake, na ODA File Converter ina kisanduku cha kukagua kila faili wakati wa kubadilisha. Hizi husoma DWG kwa msimbo tofauti na wa AutoCAD, kwa hiyo kinachoikwamisha moja si lazima kiikwamishe nyingine. Mwambie ODA File Converter atoe DXF badala ya DWG, maana hapo ndipo upasuaji unapowezekana.

DXF ni maandishi matupu, unaweza kuyasoma. Kila taarifa inakaa kwenye mistari miwili: wa kwanza ni namba ya msimbo, wa pili ni thamani. Faili limegawanyika katika sehemu: HEADER, CLASSES, TABLES, BLOCKS, ENTITIES, OBJECTS, na mwisho EOF. AutoCAD ikikataa DXF, tofauti na DWG, inakutajia namba ya mstari ilipokwama. Fungua faili kwa Notepad++, nenda kwenye mstari huo kwa Ctrl+G, panda juu mpaka ukute msimbo 0 unaofuatwa na jina la kitu kama LINE, HATCH au MTEXT. Futa kuanzia hiyo 0 hadi mstari ulio kabla ya 0 inayofuata. Kama kitu ni POLYLINE ya zamani, au INSERT yenye sifa ndani yake, futa pamoja na VERTEX au ATTRIB zake zote hadi SEQEND, la sivyo unaacha mabaki yatakayoleta kosa jingine. Sevu, fungua tena, itakwama mbele zaidi au itafunguka. Ukikosa EOF mwishoni, faili lilikatwa. Funga sehemu iliyo wazi kwa jozi ya 0 na ENDSEC, kisha 0 na EOF, unaweza kupata kila kilichotangulia.

Kwa mchoro unaofunguka lakini unaanguka ukiugusa mahali fulani, tumia WBLOCK: andika nusu ya vitu kwenye faili jipya, jaribu, kisha nusu nyingine. Nusu inayoanguka igawe tena. Kwa mchoro wa vitu 10,000, mgawanyo wa mara 14 unakufikisha kwenye kitu kimoja.

Faili lililofutwa au flashi iliyogoma

Flashi iliyopita kwenye kompyuta za stesheneri mara nyingi huonyesha njia za mkato tu na mafaili hayaonekani. Yapo. Kirusi kimeyaficha. Fungua dirisha la amri, na kama flashi ni F, andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Angalia pia folda isiyo na jina. Virusi hivyo hupenda kuyahamishia humo. Nakili DWG zako peke yake, usibofye njia za mkato. Na ukikuta acad.lsp, acaddoc.lsp, acad.fas au acad.vlx kwenye folda ya michoro ambayo hukuviweka mwenyewe, usivinakili. Virusi vya AutoCAD husafiri kwa majina hayo, na hupakiwa vyenyewe mchoro unapofunguliwa. SECURELOAD, mpangilio unaoonya kabla ya kupakia mafaili kama hayo, uwe angalau 1.

Windows ikisema flashi inahitaji kurekebishwa au kuformatiwa, kataa. CHKDSK, programu ya Windows inayofanya kazi hiyo, hurekebisha mpangilio wa diski, haijali mchoro wako. Kama imeshaendeshwa, tafuta folda iliyofichwa ya FOUND.000, ndani kuna FILE0000.CHK na wenzake. Fungua kila moja kwa Notepad. Linaloanza na AC10 ni DWG, libadilishe jina.

Kwa faili lililofutwa, acha kuitumia diski hiyo mara moja. Diski ya kuzunguka na flashi huwa na nafasi nzuri, kwa kuwa kufuta huondoa anwani tu na data hubaki mpaka iandikwe juu. SSD ni habari nyingine: Windows huiambia kupitia TRIM kwamba nafasi hiyo imeachwa, nayo hujisafisha, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Kwa Windows 10 toleo la 2004 na kuendelea, sakinisha Windows File Recovery kutoka Microsoft Store, kisha:

winfr F: D:\Okoa /extensive /n *.dwg

Diski ya kuokolea isiwe ileile ya kuokolea kutoka. Jina la faili likiwa limepotea kabisa, PhotoRec hutafuta kwa kutambua mwanzo wa DWG wenyewe, na ni ya bure. Itakupa mafaili yenye majina ya namba, uyafungue moja moja. Diski inayotoa mlio wa kugonga usiiendeshee programu yoyote, izime, maana kila sekunde ya kuzunguka inaikwaruza zaidi.

Kabla ya yote hayo, kama folda ilikuwa ndani ya OneDrive au Google Drive, ingia kwa kivinjari uangalie matoleo ya awali. Google Drive hushikilia matoleo ya faili kama hili kwa siku 30 au hadi matoleo 100, na kapu la taka la OneDrive ya mtu binafsi huhifadhi kwa siku 30.

Flashi za bei ya kutupa zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 zina kasoro yake: ukubwa wa kweli unaweza kuwa GB chache, na zinapojaa huendelea kupokea majina ya mafaili bila data. Mchoro unaonekana umenakiliwa, ukiufungua kwa mteja ni masifuri. Ijaribu flashi mpya kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini na kazi. Na usichore moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Fanyia kazi kwenye diski ya ndani, kisha nakili.

Kimebaki PDF tu

Kama uliwahi kuchapa mchoro kwenda PDF na kumtumia mteja, unayo akiba kubwa kwenye barua pepe au WhatsApp. AutoCAD 2017 na kuendelea ina PDFIMPORT. Chagua ukurasa, weka Vector geometry na TrueType text, na kwenye uwiano weka ule uliochapia: ramani ya 1:100 kwa milimita iingie kwa 100. PDF iliyotoka AutoCAD na taarifa za leya ndani yake itakurudishia leya kwa majina yake. Maandishi ya fonti za SHX (fonti za AutoCAD zinazochorwa kwa mistari) yataingia kama mistari. Kuanzia toleo la 2018, PDFSHXTEXT huyageuza kuwa maandishi tena. Kisha OVERKILL kuondoa mistari iliyolaliana.

PDF iliyotokana na skana haina mistari ndani, ni picha. PDFIMPORT itakupa picha tu na utachora juu yake. Na hata ile nzuri, viwianishi vya upimaji vimepotea, usahihi umepungua kwa kiwango kilichochapwa, na vipimo vilivyoandikwa havijaungana tena na mistari. Tumia SCALE kwa chaguo la Reference kwenye ukuta mrefu kuliko yote wenye kipimo kilichoandikwa, halafu uhakikishe kipimo kimoja cha upande wa pili kabla ya kuchora mstari mpya wowote.